Mbona Mko Wanne?

Somo: Yohana 2:1-11, Mwanzo 43:1-16



Leo nataka kukusimulia safari ya harusi. Si hadithi inayonipamba, lakini mwenye kuhusika ameniruhusu niiseme bila kutaja jina lake.

Tulikuwa marafiki sita tangu chuoni. Mmoja wetu alikuwa anafunga ndoa kwao Bungoma, siku ya Jumamosi. Sisi watano tukapanga kutoka Nairobi Ijumaa alfajiri kwa gari moja, Noah ya rafiki yetu. Kwa sababu nilisomea biashara, nikapewa kazi ya hesabu. Nikapiga bajeti safi kabisa: mafuta, chakula njiani, mahali pa kulala na zawadi. Kila mtu shilingi 6,000, mwisho wa kutuma ni Alhamisi saa kumi na mbili jioni.

Wanne tulilipa. Wa tano, ambaye alikuwa amekaa miezi mingi bila kazi, alituma 1,500. Akaniandikia, "Pasta, hii ingine nitamalizia mwisho wa mwezi." Nikamjibu, "Ndugu, si tulikubaliana? Nikikufungulia wewe, nitawaambia nini wengine?" Kisha nikamrudishia zile 1,500 kwa simu, na nikajiona mwaminifu sana kwa kutokula pesa ya mtu. Akajibu maneno machache tu: "Hakuna shida. Safari njema." Mimi nikaamini kweli hakuna shida.

Tuliondoka saa kumi na moja asubuhi. Gari lilikuwa na nafasi tele. Kiti ambacho angekalia tuliweka suti zetu na lile boksi la zawadi. Tukapita Nakuru, tukapanda Timboroa kwenye ukungu na baridi, tukaimba mapambio mpaka Eldoret. Hakuna aliyemtaja. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa anakiona kile kiti, na kila mmoja akaamua kutazama nje.

Tulifika giza likianza kuingia. Bwana harusi akatoka nje na tochi, akatukumbatia mmoja mmoja. Alipomaliza akamulika ndani ya gari. Akaona suti na boksi. Akauliza, "Mbona mko wanne?"

Nikasema, "Alipata changamoto kidogo ya nauli."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Pasta, mwaka wa pili nilipokosa karo nikazuiwa kufanya mtihani, unajua ni nani aliuza simu yake? Ni yeye. Mimi sikuwa nataka zawadi yenu. Nilikuwa nawataka nyinyi watano."

Usiku huohuo akampigia, akataka kumtumia nauli ya basi la usiku. Yule ndugu akakataa kwa upole, akasema atatuombea akiwa huko nyumbani. Harusi ilikuwa nzuri, nyama ilikuwa nyingi, lakini mimi chakula hakikupita vizuri.

Mpendwa, rudi sasa kwenye Yohana sura ya pili. Tunapenda kuhubiri divai, na ni sawa. Lakini tazama kwanza vile Yesu alifika. Maandiko yanasema alialikwa yeye pamoja na wanafunzi wake. Ukisoma sura ya kwanza utawahesabu: Andrea na mwenzake ambaye hatajwi jina, Simoni Petro, Filipo na Nathanaeli. Hao ni watano, na Yesu alikuwa amewapata siku chache tu zilizopita. Mmoja wao, Nathanaeli, alikuwa ameidharau Nazareti wazi wazi, kijiji alicholelewa Yesu. Kama ni kupunguza watu, sababu ilikuwepo. Na bado walipofika Kana, wanafunzi wake walikuwa pamoja naye.

Kisha divai ikaisha. Yesu hakusema, "Labda tumekuwa wengi, wengine watoke." Kulikuwa na mitungi sita ya mawe, kila mmoja wa nzio mbili au tatu. Ukipiga hesabu hiyo ni zaidi ya lita 400, kwa harusi ya kijijini! Mimi na digrii yangu nilitazama upungufu nikapunguza watu. Yesu alitazama upungufu uleule akaongeza divai.

Na tusome Mwanzo 43. Njaa imezidi, wana wa Yakobo wanataka kurudi Misri kununua chakula. Yakobo anawafungia zawadi: zeri, asali, ubani, lozi, na fedha mara mbili. Bajeti imekamilika! Lakini Yuda alishamwambia baba yake wazi: yule mtu wa Misri alisema hawatauona uso wake wasipokuja na ndugu yao. Asali haiwezi kukaa mahali pa Benyamini. Ni pale Yusufu alipomwona Benyamini pamoja nao ndipo alipoagiza karamu iandaliwe.

Najua mtu ataniuliza, "Pasta, na wale wanawali wenye busara? Si walikataa kugawa mafuta yao?" Ni kweli, Mathayo 25. Utayari wako mbele za Bwana siwezi kukukopesha, na wewe huwezi kunikopesha wangu. Lakini mafuta ya Noah si mafuta yale. Chuoni nilifundishwa gharama ya nyongeza: gari likishaamua kwenda, abiria mmoja zaidi anaongeza karibu sifuri. Nililijua hilo kwa mtihani, nikapata alama nzuri. Siku ya kulitumia nikalisahau.

Jumatatu jioni nilienda kwake. Akanipikia chai. Nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Pasta, kukosa safari haikuniuma sana. Iliniuma vile ulinirudishia ile 1,500. Ilikuwa ndiyo yote niliyokuwa nayo." Sikuwa na la kujibu. Tuliomba pamoja, na leo ni ndugu yangu bado. Lakini katika picha zote za ile harusi hayupo, na hilo siwezi kulirekebisha.

Kanisa, sisi sote tuko safarini kwenda karamu ya arusi ya Mwana-Kondoo, Ufunuo 19. Nauli ya safari hiyo Bwana alilipa msalabani, hakuna aliyechanga hata shilingi. Basi kati yetu kuna nani aliyeacha kuja ushirika wa nyumbani kwa sababu ya aibu ya mchango? Nani alijiondoa kwenye kundi la kamati ya harusi kimya kimya, na sisi tukasema "hakuna shida"?

Wiki hii fanya jambo moja. Mtafute mtu mmoja aliyebaki nyuma. Usimtumie ujumbe, mpigie au mtembelee. Na ukipanga safari yoyote, kabla ya kufunga mlango wa gari, hesabu watu kwanza, pesa baadaye.

Tuombe: Bwana Yesu, utusamehe tulipobeba zawadi tukamwacha ndugu. Utupe moyo wako, ili siku ile tutakapofika mbele zako tusifike na kiti kitupu tulichokiacha wenyewe. Katika jina lako, Amina.