Mikarafuu ya Unguja

Ukipita Kizimbani, hapa Unguja, leo utakuta watalii wakinusishwa majani, na wengi hudhani karafuu ni mzaliwa wa hapa. Wapi! Asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Sultani Sayyid Said ndiye aliyehimiza mashamba yaenee, na jasho lililoyalima, tusifichane, lilikuwa la watumwa. Sheria haikuufuta utumwa Unguja na Pemba hadi 1897. Kabla ya hapo, Aprili 1872, kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika kwa kiasi, ikashika uongozi mpaka leo. Huko msimu ukifika, usiku watu hukaa barazani wakichambua, karafuu huku, makonyo kule. Kukicha huanikwa majamvini. Wingu likitanda, hata mgeni hukimbilia kuanua.