AZABU YA USALAMA: NI HAKI AO SI HAKI?

Siku hizi wanafunzi wa inchi nyingi wanashindana kwa kutengeneza roboti, yaani mashine inayotembea kwa amri ya kompyuta. Katika mwaka 2017 mashindano ya FIRST Global yalikutanisha vijana wa inchi zaidi ya 150 huko Washington, Marekani. Tuwaze pamoja juu ya neno moja la mashindano ya namna hii: azabu.

Katika FIRST Tech Challenge, vikundi viwili vinacheza pamoja, vikishindana na viwili vingine. Kanuni zinadai miwani ya kulinda macho na viatu vinavyofunika vidole. Katika msimu wa 2022-2023, aliyekosa alionywa kwanza, akapewa sekunde 30, kisha akaondolewa uwanjani. Kosa likirudiwa, kikundi rafiki kilipata hasara pamoja naye. Wengine wanauliza: hakuna aliyeumia, azabu ni ya nini?

Sisi tunasema kwamba kanuni ya usalama haingojei damu. Sheria ya Musa ilimwagiza mwenye kujenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, mbele mtu hajaanguka (Kumbukumbu la Torati 22:8). Hapa Goma anayepasua mawe ya volkano anajua jambo hilo: kipande kinaruka mara moja, na jicho haliuzwi sokoni. Kipande hakiulizi kama mtoto ni wa tajiri ao wa maskini. Kwa hiyo kanuni iwe moja kwa wote.

Lakini tupime vizuri. Kijana aliyepandisha miwani juu ya kipaji, na kijana aliyefika na kambambili kwa kuwa hana viatu vingine, hawana kosa moja. Wote wawili wazuiwe kuingia, maana kuzuiwa ni kulindwa. Lakini kumwazibu yule wa pili ni kuazibu umaskini. Anayedai miwani na viatu awe navyo mlangoni vya kuazimisha.

Na kikundi rafiki je? Kama kiliona kosa kikanyamaza, kinashiriki. Kama ubovu ulifichwa ndani ya mashine ya mwenzake, kimeazibiwa bure.

Basi, wazazi, walimu na ninyi mnaosimamia kazi za vijana: onyeni kwanza, msaidieni asiye na kitu, kisha mwazibuni mzembe bila kuangalia ni mtoto wa nani.