Maji Yapitayo ni ya Nani?

Je, maji yapitayo kando ya shamba la mtu ni mali yake, au ni amana tu mkononi mwake? Zamani, mvua zilipofuata majira yake, watu waliweza kuliacha swali hili. Leo majira yamevurugika, na sharti tulijibu.

Tuutazame mto Pangani, ambao huitwa pia Ruvu. Maji yake hutoka Meru na Kilimanjaro, huongezewa na yale ya Upare na Usambara, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale, kisha huingia baharini. Sehemu ndogo ya bonde lake imo Kenya, nchi tunayoshirikiana nayo maziwa ya Jipe na Chala. Tena, tangu miaka ya 1970, maji ya mto huu husukumwa kwa mabomba kutoka wilaya ya Korogwe hadi Handeni, ambako vijito vingi hukauka wakati wa kiangazi. Basi mama wa Handeni apangaye foleni na ndoo yake ni jirani wa mkulima wa Arusha, ijapokuwa hawajaonana kamwe.

Wako wasemao: “Barafu ya Kilimanjaro inakwisha, sisi tutafanya nini?” Ni kweli ya kuwa tangu mwaka 1912 barafu ile imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ni kweli pia kwamba hewa ya dunia imeharibiwa zaidi na mataifa yenye viwanda vingi, na haki yadai walipe deni hilo. Lakini barafu huuchangia mto maji machache tu. Uulishao hasa ni mvua na misitu ya milimani. Na shoka linaloikata misitu hiyo limo mikononi mwetu. Kosa la mwingine haliondoi wajibu wangu.

Mtu wa Korogwe hunung’unika maji yakizuiliwa na mashamba ya juu. Ana haki. Lakini naye yuko juu ya mwingine: chini yake wako watu wa Pangani, na bomba la Handeni lamtegemea. Neno analomdai aliye juu, hilo hilo anadaiwa na aliye chini.

Mtu atajibu: “Hata mkulima wa juu ana watoto, na mazao yake hutulisha sote.” Sawa kabisa. Kwa hiyo hatusemi asimwagilie. Twasema pawe na utaratibu. Sheria ya mwaka 2009 yaweka kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji ya kuuhifadhi mto wenyewe, ndipo hufuata matumizi mengine. Utaratibu huu ni wa haki, kwani shamba laweza kungoja zamu yake, bali kiu ya mtoto haingoji; na mto ukipungua mno, maji ya chumvi hupanda mdomoni pake, akaumia hata asiyechota tone.

Lakini sheria haiwezi kusimama usiku kwenye kila mfereji. Hapo husimama dhamiri peke yake. Basi mwenye mfereji aombe kibali, afunge maji zamu yake ikiisha, wala asilime ndani ya mita 60 za ukingo. Aliyepewa kutumia hakupewa kumiliki, kwani hakuna mtu aliyeununua mto huu mahali popote.