Nani Anamsubiri Nani

Kwa mtu anayelipwa kibarua kila jioni, bei ya unga si ile iliyobandikwa rafuni. Mkononi ana ujira wa siku moja, na siku hiyo moja ina madai yake: unga, mafuta ya kupikia, sukari, sabuni, na kodi ya nyumba inayokaribia. Supamaketi za mjini Ruiru, Kenya, humuuzia kilo kwa bei nafuu kuliko duka la mtaani kwake Gitothua, ila zinataka anunue kilo nzima. Duka la mtaani linampimia mafuta kwa pesa alizo nazo, linamfungia sukari robo, linamkatia kipande cha sabuni ya mche. Ndio uchumi wa kadogo. Ukijumlisha manunuzi ya mwezi mzima, utakuta huyu wa kibarua amelipia kila kilo ghali kuliko jirani mwenye gari aliyebeba kila kitu kwa safari moja. Hilo limesemwa sana, na mara nyingi husemwa kumlaumu mwenye duka. Lawama hiyo inasahau bidhaa moja ambayo mwenye duka anaiuza bila kuibandika bei, nayo ni subira.

Nataka kuifuata subira hiyo mpaka inakofika, kwa sababu naamini ndiyo inayokosekana tunapouliza maduka makubwa yawe mangapi na madogo mangapi ili mji ukae sawa. Kabla ya kuhesabu maduka, ningeuliza: katika mji huu, nani anamsubiri nani?

Ruiru ni mahali pazuri pa kuulizia swali hilo. Ulikuwa mji wa kando ya mashamba ya kahawa na mkonge. Kahawa iitwayo Ruiru 11 ilipata jina lake katika kituo cha utafiti kilichoko hapa. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, ukataji wa mashamba kuwa ploti ulishika kasi, ploti zikaota ghorofa, na sensa ya 2019 ikahesabu watu 490,120 mjini Ruiru. Hao ni zaidi ya maradufu ya waliohesabiwa 2009, na karibu mara mbili ya watu wa Thika, mji ambao kwa miaka mingi ndio uliokuwa mkubwa. Gitothua ilipokea sehemu yake ya wageni hao. Majengo mengi ya kupangisha yalijengwa yakiwa na vyumba vya duka chini, maana mwenye ploti alijua watu wa juu lazima wale. Supamaketi zenye matawi nazo zikawafuata watu.

Duka la mtaa na supamaketi si viumbe wa aina mbili tofauti. Supamaketi ya Naivas ilianza mwaka 1990 kama duka la familia upande wa Nakuru, na Quickmart ilizaliwa huko huko Nakuru mwaka 2006. Waanzilishi wao waliwahi kufungua mlango asubuhi na kuufunga usiku kwa mikono yao wenyewe. Duka linapokua, sakafu hupanuka na taa huongezeka, lakini badiliko lenye uzito zaidi ni upande ambao deni linaelekea.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la duka la mtaa limejaa watu wanaoitwa kwa majina ya watoto wao wa kwanza. Mama fulani, mkate na maziwa. Baba fulani, unga pakiti moja, atalipa Jumamosi akilipwa mjengo. Hakuna riba pale, hakuna fomu, hakuna dhamana isipokuwa kwamba mwenye duka anakujua unakolala. Anakusubiri. Akikosea kukuamini, hasara ni yake peke yake, na hawezi kuigawanya kwa matawi mia. Ile shilingi anayoongeza kwenye robo ya sukari ndiyo inayobeba hasara hiyo na kazi ya kupima. Ndani yake mna pia zile saa za usiku anazokaa macho wakati wengine wamefunga. Sidai kwamba kila shilingi ya nyongeza ni halali. Kuna wanaochezea mizani, na kuna wanaomfunga mteja kwa deni ili asiweze kwenda kwingine. Nasema tu kwamba mtu asiye na akiba hununua vitu viwili kwa pamoja, chakula na muda, na cha pili hakiuzwi supamaketi.

Supamaketi nayo inaendeshwa kwa deni, ila deni lake linaelekea upande mwingine. Mteja analipa papo hapo, na anayesubiri ni aliyeleta bidhaa. Mfugaji, mwoka mikate, kiwanda kidogo cha asali, wote huacha mali yao rafuni na kuondoka na karatasi, kisha wanahesabu siku: thelathini, sitini, tisini. Wakati huo pesa ya mteja imeshaingia, na mwenye mnyororo wa maduka anaweza kuitumia kufungua tawi jingine. Sehemu ya ule upanuzi uliotufurahisha miaka ya 2000 na 2010 ilijengwa kwa subira ya watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kujenga. Supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa na serikali mwaka 1975 ili bidhaa za lazima zimfikie mwananchi kwa bei ya haki, ilifunga milango mwaka 2006, ikafufuliwa, ikayumba tena. Nakumatt ilianguka, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifilisiwe. Tuskys ikafuata. Kila mara, mwisho wa foleni ya wadai walisimama wasambazaji wadogo, wale waliosubiri kwa muda mrefu kuliko wote wakiwa na uwezo mdogo kuliko wote wa kusubiri.

Ninachoita dhuluma katika biashara ya mji kimo humo, wala hakitokani na ukubwa wenyewe. Aristotle aliandika kwamba kinachowashikamanisha watu katika mabadilishano ni uhitaji: mshonaji viatu na mjenzi wanahitajiana, ndiyo maana wanakutana. Lakini uhitaji una saa yake. Wawili wanaweza kuhitajiana kwa kiasi sawa kabisa, na bado yule anayeweza kukaa mwezi mzima bila mwenzake akamwamuru yule asiyeweza kukaa wiki. Nguvu sokoni ni uwezo wa kungoja bila kuumia. Kwa hiyo haki ingetaka mzigo wa kungoja umwendee mwenye mabega mapana, na mara nyingi tunaona ukimwendea mwembamba.

Sheria ya Kenya imeanza kuligusa jambo hili. Mamlaka ya Ushindani iliamua kwamba Majid Al Futtaim, kampuni inayoendesha Carrefour nchini, ilitumia vibaya nguvu zake za mnunuzi dhidi ya Orchards, msambazaji wa mtindi, na mwaka 2021 baraza la rufaa likauunga mkono uamuzi huo. Desemba 2023 mamlaka hiyo hiyo ikaitoza kampuni hiyo faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 katika malalamiko mengine mawili, mojawapo la mfanyabiashara wa asali. Watu wengi walisoma habari hizo kama ugomvi wa matajiri. Kwangu mimi zilikuwa habari za Gitothua, kwa sababu bei nafuu inayomvuta mteja atoke mtaani aende mjini ina sehemu iliyokatwa kwenye mfuko wa mtu asiyeonekana rafuni.

Hata hivyo singependa kulichora duka la mtaa kama nyumba ya huruma. Daftari linasubiri, lakini linataka ujulikane. Mwenye duka anajua umepoteza kazi, anajua mgeni wako anakunywa nini, anajua kwamba juzi ulinunua nyama na jana ukakopa chumvi. Kuna siku mtu hutaka kununua kitu bila kuulizwa habari za deni mbele ya foleni ya majirani. Supamaketi humpa heshima ya kutojulikana: anaingia, anachagua, anasoma bei iliyo sawa kwa wote, analipa, anatoka. Mjakazi na mwajiri wake hulipa kiasi kile kile kwa pakiti ile ile. Huo ni usawa wa kweli, na anayeudharau huenda hajawahi kuchungwa na mtaa. Na kijana wa mtaa akipata kazi pale, anapata hati ya mshahara, kitu ambacho duka la shangazi yake halikuwahi kumpa.

Mtu anahitaji mahali anapojulikana na mahali asipojulikana, na anahitaji njia fupi kati ya hapo pawili. Sehemu moja ikitoweka, iliyobaki inakuwa mbaya zaidi. Duka la mtaa lisilo na mshindani linaanza kuchezea mizani, na supamaketi isiyo na duka jirani linaloweza kumsubiri mtu inamwacha na njaa Alhamisi kwa sababu mshahara ni Ijumaa.

Wengine wamejaribu kupata ulinganifu huu kwa futi ya kupimia. Ufaransa mwaka 1973 ilitunga sheria ya kuyabana maduka makubwa kwa ukubwa wa sakafu, na Japani ikatunga ya kwake mwaka huo huo, ambayo iliishi mpaka 2000. Jirani zetu Tanzania walikwenda mbali zaidi: Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ujamaa, na bidhaa zikaadimika mpaka serikali ikalegeza kamba. Mwenye duka aliyefungiwa alikuwa na maarifa ambayo hayakuandikwa popote, ya nani atahitaji nini wiki gani na nani anaweza kuaminiwa. Maarifa hayo hayahamishwi kwa amri.

Kisa kilichotugusa sisi wa barabara ya Thika ni cha China Square, iliyofunguliwa mwishoni mwa Januari 2023 katika jengo la Unicity, kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, mwendo mfupi kutoka Ruiru. Watu walifurika. Vyombo vya nyumbani vilivyouzwa na wachuuzi wa Kamukunji na Nyamakima jijini Nairobi vilikuwa pale kwa bei iliyowaacha wachuuzi hao vinywa wazi. Waziri wa Biashara wa wakati huo, Moses Kuria, akasema Wachina wanakaribishwa kama watengenezaji, si kama wachuuzi. Duka likafungwa kwa muda, Februari 28 wafanyabiashara wakaandamana Nairobi, na baadaye duka likafunguliwa tena. Nilizisikia pande zote mbili zikisema kweli. Mnunuzi aliuliza kwa nini ameuziwa sufuria ghali miaka yote hii. Mchuuzi aliuliza atawezaje kushindana na mtu aliye karibu na kiwanda na aliye na mtaji wa kungoja. Kelele za uraia na rangi ya ngozi zilifunika swali la pili, ambalo ndilo lenye uzito, na ambalo lingebaki vile vile hata kama mwenye duka angekuwa mzaliwa wa Gitothua.

Kwa sababu hiyo sioni faida ya kudai supamaketi ziondoke Ruiru, wala ya kuacha mambo yaende yanavyokwenda na kuyaita soko huria. Ningetazama kila mahali ambapo mji unaamua nani angoje. Chukua nafasi ya kukodi. Mwenye jumba la biashara hulegeza masharti kwa mpangaji mkubwa, kwa kuwa jina lake litavuta watu. Mwenye kibanda cha nguo katika jengo lilo hilo hudaiwa kodi ya miezi mbele pamoja na gudwili, fungu la pesa linalolipwa kabla hata hajaning'iniza shati la kwanza. Mkubwa anasubiriwa, mdogo hasubiriwi. Chukua leseni ya kaunti: mama mboga akichelewa siku chache, kanjo, askari wa kaunti, wanabeba nyanya zake, na nyanya hazingoji hukumu. Serikali ya Kaunti ya Kiambu inaweza kulibadilisha hilo bila kumgusa mwekezaji yeyote. Inatosha kukubali leseni ilipwe kidogo kidogo, kadogo, kwa mtindo ule ule ambao mama mboga anaingiza pesa zake.

Na sasa subira yenyewe imegeuzwa bidhaa yenye ada. Tangu 2019 mteja asiye na pesa anaweza kulipa kwa Fuliza, akakopa kwenye simu na kuongezewa ada kwa siku anazochelewa. Mwenye duka anafurahi kwa kuwa amelipwa na daftari limepumzika. Lakini lile deni lililokuwa halina riba, lililokuwa kati ya watu wawili wanaosalimiana, limehamia kwa mtu wa tatu asiyesalimiana na yeyote, na anayelipia ni yule yule wa kibarua. Sijui kama tulikusudia kubadilishana hivyo. Tulipewa urahisi, tukaupokea.

Anayebanwa kuliko wote hapa ni mwenye duka. Mteja wake anataka kusubiriwa mpaka Jumamosi. Duka la jumla mjini linataka pesa taslimu leo. Anasubiri, hasubiriwi. Supamaketi iliyo mbele yake inauza maziwa yale yale ya Brookside yanayofungashwa hapa Ruiru na mafuta yale yale ya Bidco ya Thika, lakini inayapata kwa masharti ambayo yeye hajawahi kuonyeshwa. Jaribio la kulirekebisha hilo lilifanyika karibu na nyumbani: Twiga Foods, iliyoanza 2014 kuwaletea mama mboga bidhaa moja kwa moja na baadaye ikaweka ghala lake Tatu City, iliungana na IBM mwaka 2018 kujaribu kuwapa wenye vibanda mikopo midogo ya kununulia bidhaa. Kampuni hiyo baadaye ilipita katika misukosuko na kupunguza wafanyakazi, na kuna wanaosema hiyo inathibitisha kwamba mdogo hakopesheki. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu minyororo mikubwa iliyokufa na madeni ya mabilioni ilikopeshwa na kila mtu mpaka siku ya mwisho, na bado wasambazaji wanaendelea kuwapa warithi wao siku tisini. Wampe mwenye duka wa Gitothua siku saba.