Bado Kidogo

Yapo maneno mawili ambayo mkimbiaji huyasikia mara nyingi kuliko anavyosikia jina lake: bado kidogo. Utaambiwa ukiwa umebakiza mita mia mbili, na utaambiwa vilevile ukiwa umebakiza kilomita tisa na mguu mmoja umeshaanza kugoma. Anayekuambia ni mtu mwema, anakutakia heri. Naye anajua fika, kama unavyojua wewe, kwamba hiyo "kidogo" si kidogo hata kidogo. Sasa swali langu, ndugu msomaji, ni hili: mtu huyu anadanganya? Na kama anadanganya, ana hatia?

Najua utasema haya ni maswali ya watu wasio na kazi. Subiri kwanza.

Sisi si mabingwa. Ni wakimbiaji wa ridhaa, nusu tunakaa Kibaha, nusu Kisarawe: walimu wawili, fundi wa majokofu, kijana wa bodaboda, mama mmoja fundi cherehani mwenye miaka hamsini na ushee, mzee mstaafu, na wengine tunaokuja na kupotea kama mvua za vuli. Jumamosi hii tunakutana huku, ijayo kule. Kibaha tunakimbia alfajiri kando ya Barabara ya Morogoro kabla malori hayajachachamaa, tunapita Picha ya Ndege na Kwa Mathias, vumbi na moshi wa dizeli ukiwa ndio kifungua kinywa. Kisarawe ni habari nyingine kabisa. Kule tunaanzia chini, Pugu, tunapandisha katikati ya msitu wa hifadhi, ukungu umekaa kwenye miti, na kona juu ya kona mpaka mjini. Mbio zikiisha tunakaa kwenye chai ya rangi na mihogo ya kukaanga, na hapo ndipo mbio za pili huanza, za midomo. Aliyewahi kwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon ataupanda tena ule mwinuko wa Mweka mbele yetu, na kila akiusimulia unakuwa mrefu zaidi. Hakuna anayemwita mwongo. Chumvi ya hadithi ni ya wote, na kila mtu anajua imetiwa.

Ila kuna chumvi nyingine.

Jumamosi moja ya Aprili 2024, zamu ya Kisarawe, yule kijana wa bodaboda alikuwa nyuma. Si kawaida yake, maana siku zote yeye ndiye anayetusubiri juu akiwa ameshafuta jasho. Mwalimu mmoja na fundi wa majokofu wakakaa naye, jambo zuri tu. Kila aliposimama walimwambia, bado kidogo kaka, kaza, ni pale kwenye kona. Kona ikafika, ikazaa nyingine. Anayeijua barabara ile anajua kwamba kona ndiyo mali pekee isiyoisha pale. Kona ya tatu kijana akakaa chini, kisha akalala. Mimi nilikuwa nyuma zaidi, nilipofika nilimkuta ameegemezwa kwenye mti, midomo myeupe, anatetemeka kama mtu wa Njombe mwezi wa Julai. Ilikuwa malaria, na ilikuwa imemwingia tangu Alhamisi. Alitundikiwa dripu siku mbili, akakaa nyumbani wiki mbili. Pikipiki haikuwa yake. Mwenye bodaboda lazima apate hesabu yake kila jioni, na wiki mbili bila hesabu ni nyingi. Aliporudi akakuta chombo kimepewa kijana mwingine.

Jumamosi iliyofuata chai haikunyweka. Yule mama fundi cherehani ndiye aliyeanza.

"Mlimwongopea mtoto wa watu."

"Hapana, mama," mwalimu akasema. "Tulimtia moyo."

"Moyo alikuwa nao. Alichokosa ni hesabu. Mngemwambia mwanangu, zimebaki kilomita nne, angekaa chini palepale mwanzoni, mkamsimamishia daladala akarudi kwao."

Hakuna aliyejibu. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo tulikimbia makundi mawili, tukipishana kwa salamu za nusu mdomo. Ndiyo maana nasema si swali la watu wasio na kazi.

Niseme kwa haki kwamba mwalimu alikuwa na hoja, na aliniambia baadaye tukiwa wawili kwenye basi. Tazama, alisema, mtu anaumwa, unamwuliza hujambo, anakujibu sijambo, kisha ndipo anakwambia usiku kucha hakulala kwa mgongo. Kuna aliyewahi kumshitaki kwa ile sijambo? Au mtu anakwambia "nakuja sasa hivi" huku anainuka na kuondoka. Hayo ni maneno ya adabu, hayapimi kitu. Bado kidogo ni ndugu yao. Maana yake si kwamba zimebaki mita kadhaa, maana yake ni "nipo hapa, usiache". Atakayeichukulia kama kipimo cha fundi kosa ni lake, hajui lugha.

Hoja hii ni nzuri, na kwa siku nyingi nilidhani imemaliza kesi. Lakini kila nilipopanda mlima ule niliona inapwaya mahali. Sijambo haimgharimu mtu kitu. Hakuna anayepanga safari yake kwa sijambo ya jirani. Mkimbiaji aliyechoka, yeye ni mhasibu wa pumzi zake: zilizobaki ni kiasi fulani, njia iliyobaki ni kiasi fulani, anagawa. Ukimwambia ni pale kwenye kona, atatoa akiba yote aitumie mpaka kwenye kona. Kona ikizaa kona nyingine, umemchotea mfukoni. Tena aliyechotewa hawezi hata kukudai, kwa sababu ulimtendea wema!

Wapo watakaosema bila uongo huo mtamu watu wengi wasingemaliza. Hapo nakataa, na shahidi wangu ni John Stephen Akhwari. Mexico City, Oktoba 1968, mji ulioko zaidi ya mita elfu mbili juu ya usawa wa bahari, hewa nyembamba. Waliondoka wakimbiaji 75. Mtanzania huyu akaanguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea, mara akitembea mara akichechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani saa 3:25:27, jua limeshazama, watu wengi wameshakwenda zao. Waliomaliza walikuwa 57 na yeye ndiye wa 57. Dunia imekuwa ikisimulia kisa kile tangu wakati huo, na jibu lake alipoulizwa kwa nini hakuacha, kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aende kuanza tu, linajulikana hata na wasiojua Mbulu iko wapi. Mimi kinachonigusa ni kitu kidogo. Mtu yule alijua. Alijua wenzake wameshamaliza, alijua medali zimekwisha, alijua goti lake. Hakuna uongo uliombeba. Waliobaki uwanjani wakampigia makofi, na makofi, ukiyafikiria vizuri, hayasemi umbali.

Na hapa Kibaha penyewe, Mkuza, zipo shule alizozianzisha Filbert Bayi. Watoto wanaovaa sare zake huenda hawajawahi kuziona picha za Christchurch, Februari 1974, mita 1500. Bayi aliondoka mbele tangu bunduki ilipolia, akakaa mbele, akamaliza kwa 3:32.16, rekodi ya dunia. Watu husimulia hapo wakaishia hapo. Mimi nataka utazame wa pili. John Walker wa New Zealand alimaliza kwa 3:32.52, naye pia akawa amekimbia kwa kasi kuliko rekodi ya zamani ya Jim Ryun, iliyokaa tangu 1967. Yaani aliyeshindwa siku ile alikimbia kuliko binadamu yeyote aliyemtangulia katika historia, isipokuwa yule aliyekuwa mbele yake. Nani alimtia moyo Walker? Mgongo wa Bayi. Mgongo haukumwambia bado kidogo. Ulimwambia ukweli mtupu, kwamba nipo hapa na wewe uko hapo, na ukweli huo ukamvuta mtu mpaka mahali ambapo maneno matamu yasingemfikisha.

Nikifika hapo najiona nimekuwa mkali kama yule mama. Lakini ukali nao una pengo lake. Si kila mtu ni Walker. Zimebaki kilomita nne, ukimwambia mtu aliyechoka, unaweza kuwa umemvunja miguu yote miwili kwa sentensi moja. Je, hakuna njia nyingine zaidi ya uongo mtamu na ukweli mchungu?

Wazee wetu walikuwa nazo, angalau mbili. Ya kwanza ni mchakamchaka. Aliyesoma shule za serikali au aliyepita JKT anaujua: mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia, miguu inafuata. Umewahi kugundua kwamba nyimbo zile hazitaji umbali kabisa? Hazikuambii umekaribia wala hazikuambii uko mbali. Zinachotaka kwako ni kuitikia tu, na ukiitikia huwezi kukimbia kuliko pumzi yako, maana pumzi ndiyo inayoimba. Mtu akinyamaza kwenye mchakamchaka, wenzake wanajua papo hapo kwamba huyu hayuko sawa. Kijana wetu wa bodaboda angekuwa anaitikia wimbo tangu Pugu, ukimya wake ungemsemea kabla hajaanguka.

Ya pili ni utani. Mzee wetu mstaafu ni Mzaramo wa Kisarawe, na fundi wa majokofu ni Mnyamwezi. Watani hawa walianza kutaniana tangu enzi za misafara, mababu wa huyu wakishusha pembe pwani kwa mababu wa yule. Fundi akilemewa mlimani mzee hamwambii bado kidogo. Anamwuliza kama aanze kukusanya watu wachimbe kaburi, na kama sanda ataleta mwenyewe au ni ya mkopo. Fundi anacheka, anatukana, anapanda. Mtani amesema ukweli wote, kwamba umechoka na unaonekana, lakini amekupa namna ya kuubeba. Tatizo ni kwamba utani una wenyewe. Mimi nikimwuliza mwalimu wangu habari za sanda tutafikishana kwa balozi wa nyumba kumi.

Kilichotupatanisha sisi hakikuwa falsafa hata hivyo. Kijana wa bodaboda alipata chombo kingine, akarudi. Jumamosi ya kwanza, tukiwa tunapandisha, akasogea kwa mwalimu aliyekuwa anahema vibaya, akamwuliza kwa upole kabisa: "Ticha, nikudanganye au nikwambie?" Mwalimu akacheka mpaka akasimama. Kisha akasema, nidanganye. "Bado kidogo," kijana akasema. Wakaenda.

Sasa limekuwa neno letu. Nimekuwa nikiwasikiliza wanavyochagua, na wala si kama nilivyotegemea. Mwanzoni mwa mlima wengi wanataka kuambiwa. Katikati, pale pabaya, wanataka kudanganywa. Karibu na mwisho wanarudi kwenye ukweli, kwa sababu hapo ukweli na uongo zimeshakaribiana. Pale Tokyo Septemba 2025, mita za mwisho za marathoni ya ubingwa wa dunia, mtu angemwambia Alphonce Simbu bado kidogo, ingekuwa sahihi kabisa: alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, saa zao zikaandikwa sawasawa, 2:09:48.

Mwaona sasa kwa nini napenda lile neno la kwetu, wakimbiaji wa ridhaa. Ridhaa ndiyo iliyokosekana Aprili ile. Uongo ulioombwa si uongo, ni kama fimbo ya kutembelea, mwenyewe ameinyooshea mkono. Ambao hukuombwa ni mzigo unaomtwisha mtu huku ukimwambia ni mto wa kulalia. Najua hoja yangu ina tundu: mtu mwenye homa ya nyuzi thelathini na tisa, ridhaa yake ni ya kuaminiwa? Akisema nidanganye, umdanganye? Mama fundi cherehani anasema hapana, hapo unamtazama macho, humsikilizi mdomo. Naelekea kukubaliana naye, ingawa sijui ni nani amempa mtu yeyote leseni ya kuamua mdomo wa mwenzake umeacha kuwa wake.

Nayaleta haya kwenye kurasa hizi, za vijana wanaoandika, kwa sababu sisi ndio mafundi wakubwa wa bado kidogo. Mtu analeta shairi, tunamwambia kali sana mshikaji. Analeta riwaya, tunamwambia imebaki kunyoosha tu. Namfahamu kijana mmoja wa Mlandizi ambaye riwaya yake imebaki kunyoosha tu kwa miaka sita. Ameshaacha kazi mbili kwa ajili yake. Kila aliyeisoma amempa kona moja mbele.

Naye amejiunga na mbio zetu siku hizi, anakimbia vibaya lakini haachi. Wiki iliyopita, kwenye mihogo, mama fundi cherehani alimwuliza kilichomo kwenye ule mfuko wa plastiki anaotembea nao. Akamwambia. Mama akafuta mafuta mikononi, akauliza ni kurasa ngapi. Mia moja na arobaini, shikamoo mama, akasema, kama vile salamu ilikuwa imemponyoka kwa hofu.

"Marahaba. Nikudanganye au nikwambie?"

Kijana alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Jumamosi hii ni zamu ya Kisarawe. Amesema ataileta, na mama amesema atakuja na miwani yake ya kushonea.