Waache Wakisie Kwanza

Mwanangu, nimesikia umepangiwa shule ya kata, fizikia na kemia, kidato cha kwanza hadi cha nne, na kwamba chumba kinachoitwa maabara kina meza za zege na kabati ambalo ufunguo wake haujulikani ulipo. Barua ya kuomba vifaa utaiandika, tena uiandike kila muhula bila kuchoka. Lakini wiki ya kwanza ingia darasani na uzi na mawe.

Funga jiwe, upime mita moja toka unapoushika uzi hadi katikati ya jiwe, ulivute pembeni kidogo tu. Kabla hujaliachia, uliza: nikifunga jiwe zito mara mbili ya hili, litakwenda na kurudi kwa haraka zaidi, polepole zaidi, au sawasawa? Kila mmoja aandike kisio lake kwa kalamu ya wino, maana penseli watafuta wakishaona jibu. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Aliyeandika "haraka zaidi" sasa ana jambo la kulitetea, na atahesabu kwa makini kuliko anayengoja umwambie. Wahesabu kwenda na kurudi mara 20, saa ya simu yako inatosha. Watapata kama sekunde 40. Badilisha jiwe, uzi uwe uleule: 40 tena. Kutakuwa na kelele, ziache. Wapo watakaosema wenzao wamehesabu vibaya. Wape jiwe warudie wenyewe.

Kisha waulize: tukitaka sekunde ziwe 20, uzi tuufupishe kiasi gani? Darasa karibu zima litasema nusu mita. Wapime. Watapata 28 hivi, na watakutazama kana kwamba umewachezea. Wahangaike mpaka kikundi kimoja kifike sentimita 25. Hapo ndipo ugeukie ubao, uandike jina la jambo hilo na fomula yake yenye kipeuo cha pili. Wataielewa kwa sababu wameshaitolea jasho.

Wengi wetu tunafuata mkondo wa kinyume: jina, maana, fomula, nukuu za kunakili, halafu jaribio kama muda utabaki. Muda haubaki. Na usiniambie darasa ni kubwa. Hata wakiwa 80, mawe na uzi havitawapungukia.

Kuna la lugha. Wengi wa watoto hawa walisoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, ghafla kidato cha kwanza kila kitu ni Kiingereza. Ukilazimisha hata kisio litoke kwa Kiingereza, utapata kimya, na kimya hicho utakidhania ujinga. Wabishane kwa Kiswahili, hata kwa Kisukuma ikibidi. Ila mwisho wa kipindi kila mmoja aandike sentensi mbili tatu za Kiingereza za alichokiona, kwa maneno yake, nawe uzisahihishe. Mtihani wa taifa utakuja kwa lugha hiyo, na ukiwanyima mazoezi yake utakuwa umewadhulumu kwa huruma.

Kwenye kemia utapata rosela sokoni. Loweka iliyokauka kwenye maji ya moto, uchuje. Ukitia ndimu inabaki nyekundu, ukitia magadi inageuka kuelekea kijani. Wakisie kwanza kuhusu maji ya sabuni, siki, maji ya majivu. Maji ya betri usiyalete hata ukishauriwa kuwa ni asidi ya bure. Ni asidi ya salfuriki, inaunguza ngozi na macho. Wala usijidanganye kwamba rosela inatosha. Mtihani wa vitendo unataka mkono uliozoea pipeti na bureti, kwa hiyo tafuta shule jirani yenye maabara inayofanya kazi, uombe Jumamosi zao mapema, si mwezi mmoja kabla ya mtihani.

Utaulizwa maswali usiyoyaweza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friza ukiwa wa moto umeganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam, huku wenzake wakicheka. Osborne hakuwa na jibu. Aliahidi kujaribu, akampa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaona lilelile, akasema ataendelea kurudia hadi apate matokeo sahihi! Makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa mwaka 1969, na wanafizikia bado wanaibishia. Mpemba mwenyewe alikwenda kusomea wanyamapori chuo cha Mweka. Unayemfundisha si lazima awe mwanafizikia ndipo swali lake listahili kujaribiwa.

Tenga kurasa za nyuma za daftari lako la maandalio ya masomo kwa maswali ya namna hiyo, pamoja na jina la muulizaji. Ijumaa mchana, wakati kila mtu ana usingizi, mchague moja mlijaribu. Mthibiti ubora akija kuuliza mbona umechelewa mada moja kwenye azimio la kazi, mpe madaftari ya wanafunzi, umwonyeshe makisio yale ya wino.