Nyumba ya Aliyetushinda

Ndugu mmoja wa hapa Nyololo aliniuliza: "Mchungaji, boma la zamani la Iringa lilijengwa na Wadachi waliomshinda Mtwa Mkwawa. Kwa nini wajukuu wa walioshindwa waitunze nyumba ya mshindi? Si heri mvua iimalize?"

Swali hili lina uchungu wa kweli ndani yake, wala si la kuchekwa. Wahehe waliwapiga Wadachi huko Lugalo mwaka 1891. Mwaka 1894 Wadachi wakaivunja ngome ya Kalenga. Mwaka 1898 Mkwawa alijiua asikamatwe akiwa hai, na kichwa chake kikapelekwa Ulaya, kisirudi mpaka mwaka 1954. Katika utawala huo ndipo boma lilipojengwa, liwe hospitali ya askari. Baadaye Waingereza wakalifanya ofisi ya serikali.

Lakini tupambanue kuhukumu na kupuuza. Wazee wakikutana, wakatoa sababu zao mbele ya watu, kisha wakaamuru nyumba ibomolewe, hiyo ni hukumu. Bali kigae kikianguka asiwepo wa kukirudisha, maji yakapenya, boriti ikaoza, mchwa wakaingia, ukuta ukapasuka, hapo hakuna aliyehukumu. Huo ni uvivu uliojivika nguo ya haki. Mvua haimjui Mkwawa, wala haimlipii kisasi.

Tena nyumba ile ni shahidi. Shahidi akifa kabla ya kuulizwa, anayefurahi ni nani? Si aliyedhulumiwa.

Wako waliokwisha kujibu kwa kazi. Chuo Kikuu cha Iringa, kilicho cha Kanisa letu la Kilutheri, kwa mradi wa Fahari Yetu na msaada wa Umoja wa Ulaya, kilishika kazi ya kulitengeneza boma, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho. Siku hizi mtoto wa Kihehe huingia mlango ule bila kuitwa na askari, akasoma habari za babu zake.

Basi nalimjibu ndugu yule: Usipoziba ufa, utajenga ukuta; lakini ukuta wa ushuhuda ukianguka, haujengwi tena. Tukiitunza nyumba ya mshindi, hatumtukuzi yeye. Twahifadhi mahali pa kuwaonyesha watoto kwa kidole, tukisema: Mambo haya yalitendeka, na yalitendeka hapa.